Maswali Yenu: Makumbusho Yana Kazi Gani Kwetu Tusio Watalii?

Tarehe 18 Mei kila mwaka ni Siku ya Makumbusho Duniani, na kila ikipita barua huongezeka. Safari hii tumechagua sita. Kabla ya kuzijibu, neno moja. Agosti 2022, Baraza la Kimataifa la Makumbusho (ICOM) lilikutana Prague na kupitisha maana mpya ya makumbusho: taasisi ya kudumu, isiyotafuta faida, inayoitumikia jamii, inayotafiti, kukusanya, kuhifadhi, kufafanua na kuonesha urithi unaoshikika na usioshikika, tena kwa kuishirikisha jamii yenyewe. Hilo la kushirikisha jamii ndilo tulilolishika katika majibu yote, maana ndilo linalosahaulika kwanza.

Kila mwaka tunapeleka wanafunzi 120 wa darasa la sita Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Wanapita kwa mstari, wananakili maelezo ya ukutani, tunarudi. Baada ya wiki hawakumbuki kitu zaidi ya magari ya marais. Tunakosea wapi?
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, kosa linaanzia kwenye hesabu. Watoto 120 wakijaa mbele ya kabati moja, watano wa mbele ndio wanaoona. Waliobaki wanatazama migongo. Wagawe katika makundi nane ya watoto 15, kila kundi na mtu mzima mmoja. Makundi manne yaanzie jengo kuu la katikati ya mji, manne yaanzie Kijiji cha Makumbusho kilichoko kama kilomita 10 kwenye Barabara ya Bagamoyo, kisha mchana wabadilishane. Barua ya maombi ifike wiki mbili kabla, ikitaja idadi, umri, lugha mnayotaka na, muhimu kuliko yote, mada mnayosoma darasani kwa wakati huo. Mwongozaji asiyejua mada yenu atawapa maelezo yale yale anayompa kila mgeni.

Kosa la pili ni kutaka kuona kila kitu. Chagua vitu vitatu tu, kila kimoja dakika 20. Saa moja na nusu ikishapita ndani ya jengo, mtoto wa miaka 12 amechoka hata kama anakwambia hajachoka. Kunakili maelezo kukome kabisa: mtoto anayenakili anatazama karatasi yake, hatazami kitu alichokuja kukiona. Mpe penseli (si kalamu ya wino, kwa usalama wa vitu) na karatasi yenye maswali matatu ambayo hayajibiki bila kukodoa macho.

Tuchukue fuvu la Zinjanthropus, zamadamu aliyepatikana na Mary Leakey katika Bonde la Oldupai tarehe 17 Julai 1959, ambaye umri wake ni takriban miaka milioni 1.75. Hata jina lake ni somo: Zinj ni neno lile lile la Kiarabu walilotumia wasafiri wa zamani kuita pwani yetu hii. Sasa, badala ya kuanza na tarehe, mwambie kila mtoto aweke vidole viwili kwenye panja zake, aume meno kwa nguvu, kisha aachie. Atahisi msuli ukituna na kulegea. Kwetu sisi msuli huo huishia ubavuni mwa kichwa. Kisha mwoneshe utosi wa fuvu: kuna ukingo wa mfupa umesimama kama kilemba cha jogoo. Msuli wa huyu ulipanda mpaka huko juu. Watazame na magego yake, jinsi yalivyo mapana kuliko yetu. Hapo ndipo uulize: alikula nini kiumbe huyu? Kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa mvunja kokwa ngumu. Uchunguzi wa karibuni wa meno umeelekeza zaidi kwenye nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Kwa hiyo watoto wanajifunza anatomia, na pia wanaona wanasayansi wakibadilisha kauli kwa sababu ya ushahidi. Wakumbushe kuuliza pia kama kilicho mbele yao ni fuvu halisi au nakala, na kwa nini makumbusho hutumia nakala. Hilo swali hufungua mjadala mrefu kuliko tarehe zote.

Kule Kijijini fanya vivyo hivyo. Wasimamishe mbele ya tembe la Wagogo, paa bapa lililofunikwa udongo, kisha mbele ya msonge wa Wahaya, nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi. Usiwaambie lolote. Waulize mvua nyingi hunyesha wapi, Dodoma au Kagera, na maji yangefanya nini juu ya kila paa. Watajibu wenyewe.

Mkirudi, somo lifanyike ndani ya siku tatu. Likicheleweshwa, fedha ya basi imepotea.

Makumbusho ya wilaya yetu yana maelezo kwa Kiingereza tu. Bibi yangu alisimama mbele ya kitu alichokitumia maisha yake yote na hakuweza kusoma kilichoandikwa. Mimi nafanya kazi pale, naanzaje kurekebisha?
*Msaidizi wa mhifadhi, pwani ya Kenya*

Usianze kwa kutafsiri. Maelezo mengi ya zamani yaliandikwa kwa ajili ya mtafiti mgeni: jina la kitu, malighafi, mahali, karne. Ukiyatafsiri, utapata Kiswahili kinachosomeka lakini hakimwambii bibi lolote. Andika upya, ukianza na mtu anavyokitumia kitu. Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Maelezo ya kawaida yatasema "kifaa cha mbao na chuma". Linganisha na haya:

*MBUZI. Kalia kibao, ulimi wa chuma uwe mbele yako, shika kizio cha nazi kwa mikono miwili. Kuna kwa kuzungusha, meno ya chuma yatoe nyama nyembamba nyembamba. Ukikaribia kifuu acha, la sivyo machicha yataingia weusi. Nyumbani kwenu nani hukuna nazi, na kwa kifaa gani?*

Hayo ni maneno yasiyofika 50, na yanatosha. Maelezo ya kitu kimoja yasizidi maneno 60. Ubao wa kufungulia chumba, 150. Herufi zisipungue pointi 24 kwa msomaji anayesimama mita moja, nyeusi juu ya rangi hafifu isiyong'aa. Katikati ya ubao iwe sentimita 140 hivi kutoka sakafuni. Kama wageni wako wengi ni watoto au wanatumia viti vya magurudumu, shusha hadi 120. Kiswahili kiwe juu au kushoto, Kiingereza kifuate, na jina la kitu kwa lugha ya wenyeji litangulie yote mawili. Bajuni, Digo au Pokomo wakikiita kivingine, liandike jina lao.

Kabla ya kuchapa, bandika karatasi ya kawaida kwa wiki mbili. Ita watu watano wasiofanya kazi pale: mvuvi, mwanafunzi, mama wa sokoni, bibi yako. Wasome kwa sauti. Mahali wanapokwama au kurudia sentensi ndipo pa kurekebisha. Na bibi yako usimwache aende hivi hivi; keti naye, mrekodi akieleza, maana hayo anayoyajua hayapo kwenye faili lolote la stoo yenu.

Nina msahafu wa mkono wa marehemu babu, umeanza kuliwa na wadudu. Watoto wangu wananiambia niupeleke makumbusho. Nikiupeleka, si nimeupoteza?
*Mzee, Unguja*

Shikamoo mzee wetu. Si lazima uupoteze, maana njia ziko tatu. Unaweza kuutoa moja kwa moja, ukawa mali ya makumbusho. Unaweza kuuazimisha kwa miaka maalumu, nao ukabaki wako. Na unaweza kuruhusu upigwe picha ukurasa kwa ukurasa, wao wabaki na picha, wewe uondoke na msahafu wako. Vyovyote utakavyoamua, yawepo maandishi yenye sahihi za pande zote mbili, yakitaja hali ya kitu siku hiyo, nani anaruhusiwa kukiona, kama picha zake zinaweza kuuzwa, na familia itaarifiwaje kitu kikihamishwa. Kama ni azima, itajwe tarehe ya mwisho. Makumbusho yakikuomba uache kitu "kwanza, karatasi zitafuata", rudi nacho nyumbani.

Kuhusu wadudu, usipulize dawa na usianike juani. Jua huua baadhi ya wadudu, lakini hukausha ngozi ya jalada na kufifiza wino. Ufunge msahafu kwa kitambaa safi cha pamba, kisha mifuko miwili ya plastiki, kamua hewa, ziba kwa utepe wa gundi. Weka kwenye friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, *usifungue* kwa saa 24: ukifungua mapema, unyevu wa hewa ya Unguja utatua juu ya karatasi baridi na wino utatawanyika. Ikiwa jalada limepasuka au kurasa zina nakshi za dhahabu na rangi nzito, friza si mahali pake; tafuta mtaalamu wa nyaraka kwanza.

Baada ya hapo uuweke ndani ya sanduku la karatasi isiyo na asidi, kabatini, mbali na ukuta wa nje na sentimita 15 kutoka sakafuni. Adui mkubwa wa pwani ni unyevu: ukizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huanza. Na tafadhali mzee, asije mtu akautia laminesheni au kuunga kurasa kwa selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia, huingia ndani ya karatasi, na haitoki tena.

Kigango cha babu yetu kiling'olewa usiku, miaka mingi iliyopita. Tunasikia vingine vimerudishwa kutoka Marekani. Chetu tutakijuaje, na kikirudi kikae wapi?
*Familia, Kaunti ya Kilifi*

Kwa wasomaji wa mbali: kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda huisimamisha kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Si pambo, wala si sanamu ya kuuzwa. Ni makazi ya roho ya mzee, na kikishasimamishwa hakihamishwi. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1970 na 1980 viliibwa kwa wingi na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, na vingi vikaishia katika makumbusho ya Marekani kama zawadi za wanunuzi matajiri.

Kesi iliyofungua njia ilitokana na picha moja. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu Marekani, akakiona kimoja kwenye slaidi za mtafiti mwenzake Linda Giles. Kilikuwa katika makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois. Cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton. Vyote viwili vilirudishwa Kenya. Baadaye makumbusho ya sayansi ya Denver yakarudisha vigango 30, vikafika mwaka 2019, na Makumbusho ya Jimbo la Illinois yakarudisha 37 mwaka 2023.

Tatizo ni kwamba vingi katika hivyo vilivyorudi havijulikani ni vya boma gani. Kwa hiyo fanyeni haya sasa, wakati wazee wangali hai. Tafuteni picha yoyote ya zamani ya boma, hata ya harusi ambamo kigango kinaonekana nyuma. Warekodini waliokijua wakieleza umbo la kichwa, mpangilio wa pembetatu zilizochongwa, rangi, na urefu kwa kulinganisha na kiungo cha mwili, kiunoni au kifuani. Andikeni jina la marehemu, mwaka kiliposimamishwa, na mwaka kilipopotea. Kama kilikatwa kwa msumeno, kile kisiki kilichobaki ardhini msikiondoe. Kipimeni, kipigeni picha na rula pembeni, maana mkato wake unaweza kulinganishwa na kitako cha kigango kilichorudi. Nakala moja mpeleke polisi, nyingine ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliyo karibu, Fort Jesus kwa mfano, na mdai hati ya kupokelewa.

Kikae wapi ni uamuzi wa familia na wazee, si wa mhifadhi. Kikirudi bomani, fikirieni ulinzi: aliyekiiba mara ya kwanza anajua njia. Wazee wakisema kilichovunjiwa heshima hakiwezi kusimama tena mahali pale, makumbusho yanaweza kukitunza, lakini kwa masharti yenu, ikiwemo haki ya kukitembelea na kukifanyia mila bila kulipa kiingilio.

Jambo moja husahaulika, nalo ni la afya. Makumbusho mengi ya zamani yalipaka vitu vya mbao arseniki na DDT kuzuia wadudu. Dawa hizo hudumu miaka mingi. Kabla ya kukipokea, daini kumbukumbu ya dawa zilizotumika au majibu ya vipimo. Mpaka yaje, kishikwe kwa glavu, watoto wasikiguse, na mafuta au tambiko la kumwagia lingoje.

Katika ziara moja, mwongozaji aliwavisha watoto wetu minyororo shingoni ili "wahisi utumwa", wakapigwa picha. Binti yangu wa miaka tisa hakulala usiku ule. Je, ndivyo historia inavyofundishwa?
*Mama, Tanga*

Hapana, mama. Igizo la aina hiyo halimfundishi mtoto utumwa. Nusu wanacheka, nusu wanaogopa, na wote wanaondoka wakidhani wameyajua mateso ambayo hakuna mchezo unaoweza kuyafikia. Ongea na shule na uongozi wa makumbusho kwa maandishi. Una haki hiyo.

Namna bora ipo. Mkunazini, Unguja, pale palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, kuna sanamu za watu waliosimama shimoni, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs ya mwaka 1998, na minyororo iliyo shingoni mwao ni ya kweli ya wakati ule. Mtoto akisimama ukingoni anatazama chini. Hahitaji kuvishwa chochote. Kwa watoto wa chini ya miaka kumi, anza na watu kabla ya maumivu: walikuwa akina nani, walitoka wapi, walizungumza lugha gani, nani alitoroka na alisaidiwaje. Dakika 15 zinatosha, kisha watoke nje wakae kivulini, waulize. Kimya kikitokea, mwalimu asikikatize.

Hivyo hivyo kwa Songea. Makumbusho ya Majimaji yapo pale Wajerumani walipowanyonga na kuwazika viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906, na Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Novemba 2023 kuomba msamaha. Mtoto wa sekondari anaweza kuulizwa: msamaha unadai nini kifuate, hasa ikiwa mabaki ya baadhi ya wazee bado hayajarudi? Mtoto wa darasa la tatu haulizwi hivyo.

Tuko vijana saba Kondoa, tunataka kuanzisha makumbusho ya kijiji. Tumepewa chumba. Tununue makabati gani?
*Kikundi cha vijana*

Makabati yangoje. Nunueni daftari gumu lenye kurasa zilizoshonwa, na penseli. Makumbusho yasiyo na daftari ni stoo.

Kila kitu kipewe namba yenye sehemu tatu: mwaka, awamu ya kupokea, na nafasi yake katika awamu hiyo. 2025.3.12 ni kitu cha 12 cha awamu ya tatu mwaka 2025. Kwenye daftari jazeni jina la kitu kwa Kirangi na Kiswahili, vipimo, kasoro (ufa, pembe iliyovunjika), aliyetoa, tarehe, na hadithi yake kwa maneno ya mtoaji. Pigeni picha nne, moja kila upande, na rula ionekane. Namba haiandikwi juu ya kitu moja kwa moja: kwenye mbao au chungu pakeni kwanza tone la vanishi ya Paraloid B-72, ikauke, andikeni kwa wino mweusi mahali pasipoonekana, funikeni kwa tone la pili. Kwenye nguo shoneni utepe wa pamba wenye namba. Nakala ya daftari ikae nyumba nyingine.

Msione ni kazi ya makarani. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, mtafiti akakitambua mwaka 1990, na baada ya miaka 20 ya mazungumzo kikarudi Mei 2010. Kitu kisicho na kumbukumbu hakina wa kukitambua.

Msipokee meno ya tembo, magamba ya kasa, mifupa ya watu, wala kitu kilichochimbuliwa ardhini. Vya kuchimbuliwa vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964; mkivipata, viacheni palipo, pigeni picha, iteni Idara ya Malikale. Na kwa kuwa michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, mwambieni kila mgeni asimwagie maji michoro ili ing'ae kwenye picha. Maji huyeyusha chumvi za mwamba, na zikikauka hujikusanya juu ya rangi kama utando mweupe.

Mlango wa chumba chenu uwe na upana wa sentimita 90, na kama kuna ngazi ya sentimita 20, njia ya mteremko iwe na urefu usiopungua mita 2.4. Tengeni pia meza moja ya vitu vya kushikwa: kinu, kibuyu, jembe la zamani, vile ambavyo kingine cha aina hiyo hiyo kimeshaandikwa kwenye daftari na kuhifadhiwa. Mwanafunzi asiyeona atakaa hapo kuliko mahali pengine popote, na wenye kuona watakuja kukaa naye.